Mstari Usiokatika, Neno la Aliyekwisha Kuona

(Mhadhara uliotolewa jijini Mbeya mbele ya madereva, wanafunzi wa uhandisi wa barabara, askari wa usalama barabarani na wasafiri)

  

Nimekuja na kamba. Ipo hapa mezani, mnaiona. Imechakaa kwa sababu imeburuzwa kwenye lami na kokoto miaka mingi. Naomba nieleze kazi yake kabla sijasema lolote kuhusu sheria, maana naamini tumewafundisha watu mstari wa barabarani kuanzia mwisho. Tumeanza na faini, na hatukuwahi kufika kwenye kamba.

Wakati naanza kazi ya barabara, mstari wa kuzuia kupita gari lililo mbele tuliutafuta kwa miguu. Watu wawili walishika kamba ndefu, mmoja huku na mwenzake kule, wakatembea kwenye upande mmoja wa barabara. Urefu wa kamba ulitegemea mwendo ambao barabara ile imekusudiwa. Wa mbele alibeba ubao mwekundu. Wa nyuma aliinama mpaka jicho lake likawa kwenye kimo cha jicho la dereva aliyeketi ndani ya gari dogo, yaani mita moja na kidogo kutoka kwenye lami. Ubao ukionekana, walisonga. Ubao ukimezwa na kona au ukizama ng'ambo ya kilima, yule wa nyuma alipiga filimbi, na hapo alipoinama tukaweka doa la rangi. Hapo ndipo mstari usiokatika unapoanzia. Wakaendelea kutembea mpaka ubao ujitokeze tena, tukaweka doa la pili. Hapo mstari unaishia, na mstari wa vipande unaanza.

Kisha tulirudi njia ile ile tukipima upande wa pili. Wapo waliodhani tunapoteza muda. Lakini dereva anayetoka Tunduma haoni kile anachokiona anayetoka Makambako. Ndiyo maana mahali pengine mnaona mistari miwili sambamba, mmoja umenyooka, yaani haukatiki, na mwenzake wa vipande. Aliye upande wa vipande ana mbele iliyo wazi. Aliye upande wa ule ulionyooka hana. Kila mmoja anautii ule ulio karibu na gurudumu lake. Palipo na miwili yote imenyooka, hakuna hata mmoja anayeona vya kutosha.

Basi mstari usiokatika ni neno la mtu aliyetangulia. Alifika pale kabla yako, akiwa mzima, kwa miguu, hana haraka, akainama akatazama, akaona kwamba kutoka hapa mpaka pale jicho la dereva halifiki. Hayupo tena pale kukusimamisha. Ameacha neno lake kwa rangi nyeupe. Nayasema haya kwa sababu kila ninapokaa na madereva nasikia mstari ukizungumzwa kana kwamba ni mali ya trafiki. "Pale trafiki wanakaa, usichomoke." Na pale wasipokaa?

Mstari wa katikati ya barabara wenyewe si wa kale. Mwaka 1911, katika kaunti ya Wayne, jimbo la Michigan nchini Marekani, Edward Hines, aliyekuwa kwenye bodi ya barabara ya kaunti hiyo, alisimamia kuchorwa kwa mstari katikati ya barabara. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoliona gari la maziwa likivuja na kuacha mchirizi mweupe nyuma yake. Mwaka 1917, kule California, daktari mmoja mwanamke, June McCarroll, baada ya kusukumwa nje ya barabara na lori, alichora mstari kwa mkono wake mwenyewe ili wenye barabara waone inavyotakiwa. Hawa wote wawili hawakuanza na askari. Walianza na hofu ya magari kukutana uso kwa uso.

Sisi huku Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na onyo letu kabla ya rangi. Wazee waliokuwa kwenye usukani wakati ule wananielewa. Baada ya serikali ya Ian Smith kule Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikawa ya mashaka, na malori yakaanza kupita hapa mchana na usiku yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Barabara ilikuwa ya udongo, na wageni waliipa jina la njia ya jehanamu. Kiangazi, dereva aliyekuwa ng'ambo ya kilima alijulikana kwa vumbi lake. Ulikiona kiwingu chekundu kinapanda juu ya miti, ukajua mwenzako anakuja, ukasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami iliondoa vumbi, na pamoja na vumbi iliondoa lile onyo, huku mwendo ukiongezeka. Mstari ulikuja kuchukua nafasi ya vumbi. Na Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia mpaka leo, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973, wakati lami hiyo ikiwa bado changa.

Sheria yenyewe haina ugumu. Inamtaka dereva atii alama za barabarani, na michoro iliyo juu ya lami ni alama kama kibao kilichosimama. Inamkataza kulipita gari jingine kwenye kona, kwenye kilele cha mlima, na popote asipoona mbele. Angalieni mpangilio huo: katazo la kona na la kilele linasimama kwa miguu yake lenyewe. Rangi ikifutika, katazo linabaki. Dereva anayejitetea kwamba "pale mstari ulikuwa umefutika" ametaja kosa la mwenye barabara, lakini lake bado liko palepale.

Sasa naomba tupige hesabu, maana madereva ni watu wa hesabu. Wanajua dizeli inayobaki kwenye tangi bila kutazama mshale. Tuchukue basi la mita 12 likiwa nyuma ya lori na tela lake, mita 18. Tuache mita 20 kabla ya kuchomoka na mita 20 baada ya kurudi njiani, na hizo si nyingi. Basi linatakiwa kulishinda lori kwa mita 70. Lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, basi linakwenda 80, mwendo wa mwisho ambao sheria inaliruhusu basi nje ya mji. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Zile mita 70 zitachukua karibu sekunde 13. Katika sekunde hizo basi limekula mita 280 za barabara. Na gari linalokuja kwa mwendo huo huo wa 80 nalo limekula mita 280. Jumlisha: mita 560. Zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu, iliyonyooka, inayoonekana.

Lori likiwa linakwenda 70 badala ya 60, mambo yanakuwa mabaya zaidi, na hapa wengi hushangaa. Tofauti inabaki kilomita 10 tu kwa saa. Kulipita kunachukua sekunde 25, na barabara inayotakiwa inafika mita 1,120. Nionyesheni kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula mahali unapoona kilomita moja na mita 120 mbele yako. Nionyesheni kati ya Inyala na Uyole.

Nimetaja mwendo wa 80 kwa makusudi. Siku hizi mabasi yana kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na nakisifu, kimeokoa watu. Ila kifaa hicho kinaona mwendo, hakioni mstari. Dereva aliyekata mstari kwenye mlima wa Kitonga akipanda kwa kilomita 40 kwa saa, kwenye kumbukumbu za kifaa ni mtu mtulivu kabisa. Tena kuna jambo ambalo madereva wa mabasi wameniambia kwa uchungu na mimi nalikubali: zamani aliyecheleweshwa na msururu wa malori mlimani alifidia muda kwenye tambarare. Sasa kwenye tambarare hawezi, kwa hiyo muda anautafuta palepale mlimani, kwa kuyapita malori mahali asipoona. Tumeifungia hatari mlango mmoja ikatafuta dirisha. Ratiba ya basi linalopita Kitonga inapaswa kuandikwa na mtu anayejua kwamba lori lililobeba saruji linapanda pale kwa mwendo wa mtu anayekimbia.

Kitonga wengi wenu mnaifahamu. Kwa vijana wasiopita mara kwa mara: ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, unaliacha bonde na joto lake, na barabara inaanza kujikunja ukutani mwa mlima, jiwe upande mmoja, korongo upande wa pili. Malori yanapanda yakiwa yameshikana kama tembo, na mengine yanashuka kwa gia nzito, harufu ya breki inaingia mpaka ndani ya basi. Hapo ndipo niliposikia lugha ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha udereva. Lori lililo mbele linapowasha indiketa ya kulia, maana yake "tulia, kuna gari linakuja". Likiwasha ya kushoto, "pita, kweupe". Utingo naye hutoa mkono dirishani akapunga.

Lugha hii imetokana na wema, na sitaki kuibeza. Mwenye lori ameketi juu, anaona mbali kuliko wewe, anajua umechoka kumfuata. Lakini itazameni vizuri. Indiketa ya kushoto inaweza kuwa ya dereva anayetaka kusimama pembeni. Ya kulia inaweza kuwa ya anayekata kuingia kijijini. Na hata anapokuruhusu kwa moyo safi, anaiona barabara yake yeye. Hajui gari lako lina nguvu gani, umepakia nini, utachukua sekunde ngapi. Likitokea la kutokea, yeye anaendelea na safari ya Tunduma. Mbele ya sheria indiketa yake haikupi ruhusa yoyote. Mimi nasema hivi: ikigongana indiketa ya lori na mstari usiokatika, fuata mstari. Aliyeuchora aliinama akatazama. Mwenye lori anakisia.

Yupo dereva mwingine wa kumfikiria. Malori mengi yanayopita hapa yanakwenda Kongo, na Kongo wanaendesha upande wa kulia. Mengine usukani wake uko kushoto. Kwenye barabara yetu, dereva huyo ameketi upande wa mtaro. Ili aone kama mbele ni kweupe, hana budi kulitoa kichwa kizima cha lori nje ya mstari. Yaani kwake kuchungulia na kuchomoka ni tendo moja. Mkiona kichwa cha lori kimejitokeza mbele yenu kwenye kona, msifikirie daima kwamba ni ukorofi. Na ninyi mnaoendesha magari hayo, ambao jicho lenu limefungwa zaidi ya la wengine, mstari ule ndio jicho lenu. Hamna jingine.

Ndugu zangu, kuna majina ya mahali ambayo huku kwetu hayatajwi bila mtu kunyamaza kidogo. Changarawe, pale Mafinga, tarehe 11 Machi 2015: basi lililotoka Mbeya likielekea Dar es Salaam liligongana na lori, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Inyala, Agosti 2022. Mlima Iwambi, Julai 2018, na tena Iwambi, Juni 2025, walipokufa watu 28. Sisemi kwamba ajali hizi zote zilitokana na kukata mstari. Za Iwambi zilikuwa za malori yaliyopoteza breki mteremkoni, na dawa yake kubwa ni ukaguzi wa magari na kujua kushuka na gia. Nazitaja kwa sababu nyingine. Lori lililokosa breki halina kona wala foleni. Linachohitaji ili lisiue ni nafasi. Aliyechomoka upande wa kulia akipanda ameiziba nafasi hiyo, na hajui kama huyo anayeshuka ana breki au hana. Mchoraji wa mstari alipima macho. Hakuweza kupima breki za watu.

Imenipasa kusema kweli yote, basi niseme na ya upande wetu sisi wenye barabara.

Mstari unaweza kusema uongo. Unasema uongo unapofutika ukabaki kivuli, dereva mgeni akadhani ni vipande. Unasema uongo barabara inapowekwa viraka na rangi isirudishwe. Na unasema uongo kwa namna ya tatu, ambayo wahandisi hawapendi niitaje: pale mtu alipochoka kupima akaamua kuchora mstari ulionyooka kilomita nzima, tambarare na kona pamoja, kwa kusema "bora kuzuia kuliko kuruhusu". Dereva anapita pale kila siku, anaona mbele yake peupe mpaka upeo wa macho, na mstari unamwambia hapaonekani. Siku ya kwanza anatii. Siku ya kumi anaudharau. Siku ya ishirini anafika kwenye kona ya kweli, mstari unamwambia kweli, na yeye amekwisha kuzoea kutousadiki. Mstari mrefu kupita haki yake unaua mbele ya safari, mahali ambapo mchoraji wake hatashtakiwa.

Kwa hiyo nawaomba TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na makandarasi wao: pimeni. Siku hizi hamhitaji kamba, mnayo magari mawili yanayofuatana kwa umbali uliowekwa, mnazo ramani kwenye kompyuta. Tumieni rangi nzito inayoyeyushwa kwa moto, na zile chembe za kioo zinyunyizwe kikamilifu, maana ndizo zinazourudisha mwanga wa taa machoni pa dereva. Tangu Oktoba 2023 mabasi yamerudi kusafiri usiku kucha, na ukungu wa Mafinga na msitu wa Sao Hill mnaujua. Mstari usiong'aa saa nane za usiku, kwa basi lile haupo.

Na palipo na mlima mrefu, mstari peke yake ni nusu ya jibu. Huwezi kumwambia mtu asubiri kilomita saba nyuma ya lori bila kumpa mahali pa kupita. Kupanuliwa kwa barabara pale Kitonga ni kutimiza nusu ya pili ya ahadi. Mstari unasema "ngoja". Njia ya ziada ya kupandia inasema "sasa". Neno la kwanza bila la pili ni adhabu.

Niwageukie askari wetu. Faini ya kosa ni shilingi 30,000, na dereva mwenye pupa huihesabu kama gharama ya safari, pamoja na chai ya Makambako. Sitaki kubishana juu ya kiasi. Naomba jambo moja dogo: unapomsimamisha aliyekata mstari, kabla ya kumwandikia, mpeleke kwa miguu mpaka pale mstari unapoanzia. Mwambie achuchumae atazame mbele. Dakika tano. Nimelifanya hilo na dereva kijana aliyekuwa akituchukua kazini, juu ya kilima kimoja karibu na Chimala. Alichuchumaa akiwa bado anacheka. Tulipokuwa tumesimama, lori la mpunga likatokea ghafla kama limetoka ardhini, hatua chache kutoka pale alipokuwa akitazama. Kijana hakusema neno mpaka Igurusi.

Wanasheria waliopo watanisaidia kueleza kinachotokea mahakamani, ila mimi nimeitwa mara kadhaa kueleza michoro, na nimeona. Watu hudhani kesi ya ajali ni neno la huyu dhidi ya neno la yule. Hapana. Trafiki anayejua kazi yake huchora mchoro wa eneo la tukio akitafuta kitu kimoja: magari yaligusana upande gani wa mstari. Magari yenyewe huwa yamekwisha kurushwa mbali. Lakini wakati wa kugongana, tope lililoganda chini ya bodi hudondoka palepale, na vioo vya taa humwagika palepale. Kirundo cha udongo mkavu na vipande vya kioo kikikutwa upande wa kulia wa mstari usiokatika, dereva aliyetoka kushoto ana kazi kubwa ya kujieleza. Fidia, bima, kifungo, leseni, vyote vinaanza kuzunguka kirundo kile cha udongo.

Hapa niseme na ile hali ambayo madereva huniuliza kila mara. Umelikuta lori limekufa njiani, limewekewa matawi ya miti nyuma, na mstari hapo umenyooka. Ufanye nini, ulale hapo? Hulali. Kulizunguka gari lililokufa ni kukwepa kizuizi, na si sawa na kulipita gari linalotembea. Lakini unasimama kwanza. Anayekuja ana haki ya njia yake. Ukiwa huoni mbele, utingo au abiria mmoja ashuke, atembee mpaka mahali anapoona, akupungie. Huyo naye, kwa dakika ile, anafanya kazi ya yule mtu wa ubao. Na mwenye lori asitegemee matawi. Pembetatu zake ziwekwe mbali, si mita tatu nyuma ya tela.

Hapa Mbeya mstari usiokatika unakuja na maana mpya. Barabara ya njia nne inayojengwa kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, itayapa magari mawili yanayokwenda upande mmoja njia zao wenyewe. Hapo mtaona mistari ya vipande kati ya njia na njia, na mkikaribia taa au makutano vipande vitaungana kuwa mstari mmoja. Maana yake si kwamba kuna gari linakuja uso kwa uso. Maana yake muda wa kuchagua umekwisha: anayekwenda Mwanjelwa abaki njia yake, anayekata kona abaki yake. Bajaji na bodaboda, hili linawahusu kwanza, maana ninyi ndio mnaobanwa katikati mtu anapohama njia dakika ya mwisho. Yafaa tuanze kulifundisha sasa, kabla ya lami kukauka.

Nimewaacha abiria mwisho, na nimewaacha kwa sababu ya deni langu mwenyewe.

Nilipanda basi Iringa kuja Mbeya, miaka kadhaa imepita. Baada ya Mafinga tulikuwa nyuma ya lori la mbao, ukungu umetanda, kona moja baada ya nyingine. Nilikuwa dirishani, nikauona mstari umenyooka, mweupe, mpya. Basi likachomoka. Mama aliyekaa karibu nami, aliyekuwa akienda msibani na kikapu chake cha mahindi mapajani, alinishika mkono kwa nguvu bila kunifahamu. Tukarudi njiani salama. Gari lililokuja lilipita sekunde mbili baadaye. Basi zima kimya. Nami, niliyekuwa nimepima mistari kwa miaka mingi, niliyeijua hesabu yote niliyowapigia leo, nilinyamaza.

Kilomita chache mbele dereva akataka kurudia. Mzee mmoja viti vya nyuma akasimama, akashika bomba la juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dereva, mwanangu, hapo mbele hujaona. Sisi hatuna haraka hiyo, tunataka kufika." Konda akageuka kutaka kumjibu. Dereva akamzuia kwa mkono. "Sawa, mzee wangu." Akasubiri. Tukalifuata lile lori la mbao mpaka vipande vikaanza, tukalipita, na Makambako tulifika kwa kuchelewa dakika ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mzee yule hakuwa na kamba wala cheo. Aliliona neno lililoandikwa barabarani, akalisoma kwa sauti ili dereva alisikie. Kila abiria aliyemo humu anaweza kulisoma. Msimtukane dereva, msimpigie kelele za kumchanganya akiwa kwenye usukani. Mwambieni kama mzee yule alivyomwambia. Asiposikia, mwambieni askari kwenye kizuizi kinachofuata, mkiwa wengi, mkitaja mahali.

Wanafunzi wa uhandisi mnaotaka kuona kipimo hiki kinavyofanyika, nitakuwa Uyole asubuhi ya Jumamosi, saa moja kamili, kuelekea Mlima Nyoka. Njooni na vizibao vya rifleta na viatu vya kutembelea, na wawili wenu mje na filimbi. Ubao ninao, na kamba hii nitakuja nayo.